Usiku Una Mwenyewe

Siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali, kundi la WhatsApp la familia huwa na kelele kuliko siku aliyolazwa. Bili imelipwa ama imechangwa, gari limepatikana, na sasa limebaki swali ambalo hakuna aliyeliuliza wakati watu walikuwa wanaomba apone: nani atamwangalia? Mmoja anasema tutafute mlezi wa kulala, mtu wa kuishi na mama palepale nyumbani, ampikie, amwogeshe, amgeuze kitandani. Mwingine, mara nyingi yule aliye ng'ambo, anasema hapana, bora nesi aliyesomea, awe anakuja mara tatu kwa wiki kuosha kidonda na kupima presha. Hesabu zinapigwa. Huyu ni pesa ngapi kwa mwezi, yule ni pesa ngapi kila akija. Ikifika saa sita usiku kila mtu anazima data na kulala, isipokuwa yule ambaye kitanda chake kiko chumba kimoja na mgonjwa.

Kwenye sensa ya 2019, Wakenya wa miaka 60 na kuendelea walikuwa takriban milioni 2.7, kwa hivyo kama hili swali halijafika kwenu, liko njiani. Watu hulizungumza kama jambo jipya la mjini, la enzi ambapo watoto wote wako kazini na nyumba ni ya vyumba viwili. Si jipya. Anayelala na anayetembelea wana historia mbili tofauti. Moja inapitia Lamu na vyumba vya nyuma vya Nairobi, nyingine inapitia Liverpool na New York, na zote mbili zimekuja kukutana sebuleni kwenu. Ukizifuata utaona zinabishania kitu ambacho hakimo kwenye zile hesabu za WhatsApp. Kitu chenyewe ni usiku.

Tuanze na anayelala, kwa sababu ndiye wa zamani.

Mwaka 1858, kule visiwa vya Lamu, Mwana Kupona alikuwa ameugua kwa mwaka mzima alipomtungia binti yake utendi ambao unasomwa hadi leo. Watu wanaukumbuka kwa mawaidha ya ndoa, na wengi wetu tumewahi kubishana kuhusu hayo mawaidha. Lakini usome kama karatasi ya historia: ni maneno ya mgonjwa aliye nyumbani kwake, anayemwita binti yake aje akae karibu na wino na karatasi. Hakuna hospitali humo. Mtu wa tabaka lake aliugulia nyumbani na kufia nyumbani, na nyumba za tabaka lake zilikuwa na watumwa. Utendi wenyewe unamfundisha binti namna ya kukaa nao.

Hili tuliseme bila kuzunguka. Kwenye nyumba kubwa za pwani, mtu asiye ndugu aliyelala karibu na kitanda cha mgonjwa hakuwa ameajiriwa. Hakuwa na saa ya kutoka kazini kwa sababu hakuna saa iliyokuwa yake. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria kwenye ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907, mji mwingine ulikuwa unakua huko bara kando ya reli, na nyumba zake zilitaka kitu kile kile kwa mpango mwingine.

Neno yaya limesafiri sana. Wareno walikuwa na aia, mwanamke wa kulea watoto wa wenye nacho. Wakalipeleka India, likawa aya, na kutoka India likavuka bahari hadi huku. Ila kwenye Nairobi ya wakoloni, watumishi wengi wa nyumba walikuwa wanaume. Mtu mzima, ana mke na watoto kijijini, na bado anaitwa "boi". Alilala kwenye chumba kidogo nyuma ya nyumba ya tajiri, na hicho chumba ndicho tunachokiita SQ, makao ya watumishi. Leo SQ ya Kilimani ina kodi ya kukutoa jasho, na watu wa rika letu wanaipamba kwa taa za rangi na kuipiga picha. Ramani yake bado inasema ilijengwa kwa nini. Iko mbali kiasi cha kutoonekana na wageni, na karibu kiasi cha kusikia ukiitwa saa nane usiku.

Wanaume walipoondoka kwenye hizo kazi na wanawake kutoka mashambani wakaingia, wengi hata hicho chumba cha nyuma hawakupata. Walilala jikoni, ama sebuleni, ama chumba kimoja na watoto. Na mgonjwa akiwa ndani ya nyumba, kazi ilijiongeza yenyewe. Aliyeajiriwa kufua na kupika akajikuta anabadilisha pampasi za mtu mzima, na mshahara ni ule ule.

Sasa twende kwa anayetembelea. Huyu, tofauti na mwenzake, tunaweza kumtajia mwaka na mji.

William Rathbone alikuwa mfanyabiashara tajiri wa Liverpool, Uingereza. Mwaka 1859 alifiwa na mkewe. Wakati wa ule ugonjwa alikuwa amemwajiri nesi, Mary Robinson, kumuuguza mkewe nyumbani. Baada ya kifo alijiuliza: kama mimi mwenye kila kitu nilimhitaji huyu mtu namna hii, maskini wa mji huu wanafanyaje? Akamwomba Robinson azunguke kwenye nyumba zao kwa miezi mitatu, yeye atalipa. Baada ya mwezi mmoja Robinson alirudi akilia na kuomba aachiliwe, kwa sababu aliyoyaona yalimshinda. Rathbone akamsihi amalize muda wake. Miezi mitatu ilipoisha, ni Robinson ambaye hakutaka kuacha, maana alikuwa ameona wagonjwa wakisimama. Rathbone akamwandikia Florence Nightingale akitafuta manesi wengine. Hawakuwepo wa kutosha, kwa hivyo shule ikaanzishwa kwenye hospitali ya Royal Infirmary hapo Liverpool, na mji ukagawanywa maeneo 18 ya uuguzi wa nyumbani.

Ona kilichofanyika hapo. Nesi aliyekuwa wa nyumba moja amekuwa wa nyumba nyingi, na hilo liliwezekana kwa sababu moja tu: sasa anaondoka. Anafika, anaosha kidonda, anaonyesha familia jinsi ya kumlaza mgonjwa, anabeba mkoba wake na kwenda kwa jirani. Maskini wa Liverpool walipata ujuzi ambao hawakuwahi kuuota. Usiku wao waliachiwa wenyewe.

Miaka 34 baadaye, mwaka 1893, nesi kijana wa New York aitwaye Lillian Wald alikuwa anawafundisha wanawake wahamiaji wa Lower East Side jinsi ya kuuguza watu nyumbani. Siku moja msichana mdogo akaja kumwita, akampeleka hadi chumba ambamo mama yake alikuwa mgonjwa baada ya kujifungua. Wald alikuwa anasomea udaktari. Aliacha chuo, akahamia mtaa huo huo na mwenzake, na kutoka hapo ikazaliwa huduma ya manesi wa Henry Street. Mwaka 1909 kampuni ya bima ya Metropolitan Life ilikubali kuwalipia wateja wake ziara za manesi hao. Haikuwa sadaka. Mteja akiishi muda mrefu, kampuni inaendelea kupokea malipo yake na kuchelewa kulipa fidia ya kifo. Mpango ukaenea miji mingine na kudumu hadi 1953.

Hapo ndipo ziara ilipata bei. Ziara ina mwanzo na mwisho, unaweza kuiandika kwenye daftari na kumpelekea mtu wa bima. Kazi ya anayelala haina umbo hilo. Utaandika nini? "Saa tisa usiku, alikohoa, nikaamka, akanyamaza"? Kwa hivyo mmoja akawa taaluma yenye shule, sare na ankara. Mwingine akabaki kuwa "mtu wetu wa nyumbani", ambaye ukimsifia unasema ni kama ndugu.

Sheria ya Marekani inaonyesha vizuri hilo neno "kama ndugu" linagharimu nini, na linatuhusu kwa sababu Wakenya wengi walio kule wanafanya hii hii kazi ya kutunza wazee, na sehemu ya pesa inayokuja kulipa karo na kujenga nyumba huku imetoka kwenye zamu zao za usiku. Mwaka 1938 Marekani ilipitisha sheria ya kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada. Wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Mwaka 1974 wakaingizwa, ila pakawekwa mlango wa nyuma: anayekaa na wazee ama wagonjwa kama "mwenza" hakuhesabiwa. Picha iliyokuwa vichwani mwa wabunge ilikuwa ya jirani anayekuja kupiga stori na bibi kizee alasiri moja moja.

Evelyn Coke hakuwa jirani wa kupiga stori. Alizaliwa Jamaica, akafanya kazi ya kutunza wagonjwa majumbani huko New York kwa miaka mingi, mara nyingine akilala kwao kwa zamu za saa 24, bila malipo ya saa za ziada. Akaishtaki kampuni iliyomwajiri. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2007 majaji wote tisa walikubaliana dhidi yake: kanuni inaruhusu kutomlipa. Alifariki 2009. Serikali ya Obama ilibadilisha kanuni hiyo 2013, na ikaanza kufanya kazi 2015.

Hata baada ya hapo usiku haukuisha kubishaniwa. Jimbo la New York lilikuwa na utaratibu kwamba mlezi wa zamu ya saa 24 alipwe saa 13. Zile 11 nyingine zilihesabiwa za kulala na kula, mradi apate usingizi wa kutosha na muda wa chakula. Walezi wakaenda kortini wakisema mgonjwa asiyejiweza haangalii saa. Mwaka 2019 mahakama kuu ya jimbo hilo iliuacha utaratibu usimame. Fikiria hilo kidogo. Nchi tajiri, mji tajiri, mawakili pande zote, na swali mbele ya majaji ni kama mtu aliyelala huku sikio liko wazi amelala ama yuko kazini.

Tukirudi nyumbani, Kenya nayo imejaribu njia ya kutembelea, na kwa kiasi kikubwa. Novemba 1999 Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Wodi zilikuwa zimejaa kabla ya hapo, na dawa za ARV zilikuwa bado hazijafika kwa mwananchi wa kawaida. Jibu likawa wagonjwa watunzwe nyumbani, na watu wa kujitolea wawatembelee na glavu, dawa za maumivu na mafunzo kidogo. Hao watu wa kujitolea, wengi wao wanawake, walifanya kazi ambayo hii nchi haijawahi kuwashukuru ipasavyo. Wakati huo huo Nairobi Hospice, iliyoanza kuhudumia wagonjwa 1990, ilikuwa inaonyesha kwamba mtu anayekufa kwa saratani anaweza kupunguziwa maumivu akiwa kwake. Lakini aliyetembelea aliondoka jioni, kama Mary Robinson. Usiku ulichukuliwa na shosho ambaye mwenyewe alihitaji mtu, ama msichana wa darasa la saba ambaye asubuhi alisinzia darasani na kuchapwa kwa kusinzia.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii, kila mmoja na mkoba wenye vifaa vya kupima presha na sukari, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Ni jambo zuri na lilichelewa. Nao pia ni wa kutembelea.

Anayelala je, sheria yetu inamwonaje? Chukua amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024, uangalie jedwali la miji mikubwa. Yaya wa watoto na mtumishi wa nyumbani wako mstari mmoja na mfagiaji, mtunza bustani, tarishi na mlinzi wa mchana: shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Mlinzi wa usiku ana mstari wake mwenyewe, juu kidogo, karibu shilingi 18,000. Mlezi wa mzee hatajwi kwa jina.

Soma tena. Sheria inajua kwamba kukesha ni kazi, na kwamba kukesha kunalipwa zaidi ya kushinda. Inajua hivyo kwa mtu anayelinda geti. Ukisogea hatua kumi, ukaingia chumba ambamo mtu mwingine anakesha akisikiliza pumzi za mama yako, ule ujuzi unapotea, na yule wa ndani anawekwa kundi moja na mlinzi wa mchana.

Hii ndiyo sababu nakataa mjadala unaoanza na bei. Kwa karatasi, anayelala huonekana rahisi. Ni rahisi kwa sababu tumemhesabia mchana tu. Kanuni za kazi za Kenya zinasema wiki ya kawaida ya kazi isizidi saa 52. Wiki ina saa 168. Zile 116 zilizobaki, mgonjwa bado yuko kitandani. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo. Kwa hivyo familia inayosema "tumepata mlezi wa kulala" na haijasema nani anamshikia Jumapili, ama haijamaliza mpango wake ama imepanga kuvunja sheria kwa tabasamu.

Na wale wa nesi pia wasijicheke. Shosho yangu alipopata kiharusi, tulichagua ziara. Nesi alikuja Jumanne na Ijumaa, akafanya kazi safi, na kila mtu kwenye familia anasema hadi leo kwamba nesi ndiye alimtunza shosho. Shangazi yangu, aliyelala kwenye godoro sakafuni kwa miezi kumi na mmoja na kufunga kibanda chake cha nguo cha soko, hayumo kwenye hiyo hadithi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda vya mgongo na makalio. Saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili. Ni mara tano kwa usiku mmoja. Kwa mwezi ni mara 150. Ziara zetu za nesi zilikuwa nane ama tisa kwa mwezi. Tulilipia hizo, zile 150 tukazipata bure, na hatukujua kuwa bure hiyo ilikuwa ni biashara ya mtu iliyokufa.

Sisemi ziara ni mbaya. Kama shida ni kidonda cha sukari, paipu ya mkojo inayotaka kubadilishwa, sindano za insulini ama mazoezi ya mguu uliokufa ganzi, anayehitajika ni mtu aliyesomea, na kumwachia hiyo kazi msichana aliyekuja kupika ni kumwonea yeye na mgonjwa. Kama shida ni mzee anayesahau na kutoka nje usiku, anayeanguka akienda choo, ama asiyeweza kujigeuza, ziara tatu kwa wiki hazitamshika akianguka. Wagonjwa wengi wana shida za aina zote mbili. Ndiyo maana familia zilizofaulu kiasi huishia na mchanganyiko: nesi anakuja na pia anamfundisha anayelala, anayelala anapata zamu ya kupokewa, na ndugu mmoja ama wawili wanachukua usiku maalumu wa wiki, kwa jina, bila kusukumwa.

Juni 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba nambari 189 wa wafanyakazi wa nyumbani. Ndani yake kuna wazo moja la maana sana: muda ambao mfanyakazi hayuko huru kuutumia atakavyo, kwa sababu anasubiri kuitwa, uhesabiwe kuwa muda wa kazi, kwa kadiri sheria ya nchi itakavyosema. Zaidi ya miaka 150 ilikuwa imepita tangu Mwana Kupona amwite binti yake kando ya kitanda, na karibu hivyo hivyo tangu Mary Robinson abebe mkoba wake Liverpool, Mkataba huo ulipoandika kwamba kusubiri kuitwa kunaweza kuwa kazi.

Huhitaji kungoja Bunge ili kufanya hesabu hiyo kwenye familia yenu. Kabla hamjauliza bei ya mtu yeyote, chukueni karatasi mchore usiku saba, Jumatatu hadi Jumapili, na kila mmoja uandikwe jina la atakayeamka. Pale kwenye jina la mtu mnayemlipa, andikeni usiku huo ni pesa ngapi, mbali na mchana. Pale kwenye jina la ndugu, andikeni anaacha nini ili aamke, na nyinyi wengine mtamfidia vipi. Kama jina moja limejaa usiku wote saba, ongezeni jina la pili kabla mgonjwa hajatoka hospitali. Mkimaliza hapo ndipo mpige simu kwa nesi.